Nimeanza kozi ya utabibu, haya majina ya kitabibu mnayashikaje kichwani?

kijana_wa_NTA4

Wakuu habari za mihangaiko, shikamooni wakubwa zangu mlioko wodini. Niko mwaka wa kwanza, kozi ya utabibu NTA Level 4, chuo kipo huku Nyanda za Juu Kusini naomba nisikitaje. Bailojia ya fomu foo niliipenda na matokeo hayakuwa mabaya, ila huku nimekuta mambo mengine kabisa. Mwalimu anaingia na projekta yake anaitamka hepatosplenomegaly bila hata kupumua, anaenda slaidi nyingine, alafu anauliza tuko pamoja? Darasa zima tunaitika ndiyooo, ukimgeukia jirani yako nae anakugeukia wewe.

Njia ninayotumia sasahivi, nimeazima kitabu maktaba kina orodha ya maneno kule mwishoni, naanza A naenda chini, nanakili kwenye daftari neno na maana yake. Nimefika C. Nikirudi A nakuta yote yameshapotea, na hyper na hypo ndo zinanimaliza kabisa mana zinaandikwa karibu sawa na maana zinapingana. Kuna jamaa chumbani ananiambia we kariri tu upite mtihani, ukifika kituo cha kazi wagonjwa wote wanaongea Kiswahili, hakuna atakaekuja kukwambia ana dyspnoea. Sijui kama ni kweli.

Naombeni aliyewahi kupita hapa aniambie alifanyaje, na kama kuna apu ya bure isiyokula bando sana nayo nitashukuru.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Marahaba mdogo wangu. Kwanza funga hiyo orodha ya A mpaka Z. Imepangwa vile kwaajili ya mtu anaetafuta neno, sio anaejifunza, ndo mana umefika C na kichwani hakuna kitu, maneno hayo yamekaa pamoja kwa herufi tu hayana undugu wowote.

Haya majina mengi ni vipande vilivyounganishwa, vya Kigiriki na Kilatini, na vipande venyewe vinajirudia sana. Chukua hiyo hiyo iliyokutisha. Hepato ni ini, spleno ni bandama, megaly ni kuwa kubwa kuliko kawaida. Basi, ini na bandama vimekuwa vikubwa, unaweza kuvikuta hivo kwa mtu mwenye kichocho cha tumbo cha muda mrefu ukimpapasa tumbo. Sasa hapo umeshashika vipande vitatu, kesho ukikutana na hepatitis nusu unaijua, splenectomy nusu unaijua, cardiomegaly nusu unaijua.

Alafu neno lisome kuanzia mkiani. Mkia ndo unakwambia shida ni nini au kimefanyika nini. -itis kitu kimewaka, kimevimba, kinauma, na sio lazima kiwe na vijidudu. -algia maumivu. Zile tatu wanazozikoroga wanafunzi kila mwaka ni -otomy, -ostomy na -ectomy: ya kwanza umekata ukafungua, ya pili umetengeneza tundu likabaki, ya tatu umeondoa kabisa. Laparotomy tumbo limefunguliwa, colostomy utumbo mpana umetolewa tundu nje mgonjwa anapata choo kwenye mfuko, appendicectomy kidole tumbo kimeondolewa. Ukikosea hapo kwenye ripoti ya zamu mwenzako anaeingia anamtafuta mgonjwa tofauti.

Chukua mkia mmoja uuchezee. -uria ni mambo ya mkojo. Poly ni mwingi, oligo ni kidogo, an ni hakuna, haemat ni damu. Polyuria, oliguria, anuria, haematuria, umemaliza manne kwa mkia mmoja. Hiyo dyspnoea ya rafiki yako nayo hivo hivo, -pnoea ni kupumua na dys ni kwa tabu, ukiweka tachy anapumua haraka haraka, ukiweka a peke yake hapumui na hapo unatakiwa uwe umeshaanza kukimbia.

Hyper na hypo mbona unazijua tangu nyumbani? Bibi anakwambia ana presha ya kupanda, jirani ana presha ya kushuka. Hyper ndo ya kupanda, hypo ndo ya kushuka, na kwenye sukari ni vile vile. Ila hii usiichukulie kama suala la mtihani tu. Mgonjwa wa kisukari aliyezimia kwa hypoglycaemia anataka glukosi sasahivi, mwenye hyperglycaemia anataka maji na insulini. Ukimchoma insulini yule ambaye sukari imeshuka umemuua, na yote ni herufi mbili.

Kingine ambacho wengi wanachelewa kukistukia, kiungo kimoja kinakuwa na majina mawili. Figo ni ren ya Kilatini na nephr ya Kigiriki. Ukiangalia vizuri utaona majina ya maumbile yameegemea Kilatini na ya magonjwa na operesheni yameegemea Kigiriki, kwaiyo mshipa wa figo unaitwa renal artery ila figo likiugua ni nephritis na likitolewa ni nephrectomy. Mapafu pulmonary, ugonjwa pneumonia. Ngozi cutaneous, ugonjwa dermatitis. Ukishaijua hiyo hutauliza tena kwanini wametubadilishia jina katikati ya somo.

Apu tumia Anki, ni ya kadi za kujiuliza, mbele swali nyuma jibu, kwenye simu ya Android inaitwa AnkiDroid ni bure na ukishaweka kadi zako haihitaji bando. Ila tengeneza kadi mwenyewe, usipakue maelfu ya kadi za mtu mwingine, utazifungua wiki ya kwanza uziache.

Mzee_wa_Benchi

Kwa kifupi mkuu, -itis inauma, -ectomy imetolewa, -ologist (daktari bingwa) gharama. Umefaulu, nenda kalale.

fundi_wa_mafaili

😂😂 hapo kwenye -ologist umeua.

Namuunga mkono nesi ila naongeza tahadhari, mana kuna watu wakishajua vipande wanaanza kujiamini wanatafsiri kila kitu kwa macho. Vipande vinadanganya vile vile. Watu wanafundishwa -oma ni uvimbe, wengine wanaenda mbali wanasema -oma ni kansa. Lymphoma kweli ni kansa. Lipoma ni uvimbe wa mafuta, mtu anakaa nao miaka hauna shida. Haematoma ni damu imevilia baada ya kugongwa. Trachoma sio uvimbe kabisa, ni vikope, ule ugonjwa wa macho unaosambazwa na nzi na uchafu usoni. Sasa fikiria ndugu wa mgonjwa kachungulia faili kaona haematoma, kakuuliza, na wewe umeshika kanuni yako ya -oma, unamjibu nini. Msiba unaanza mgonjwa yupo kitandani anakunywa uji.

Na artery, mshipa unaotoa damu kwenye moyo, wengi wanasema asili yake ni kitu cha kubeba hewa, mana watu wa kale walipasua maiti wakakuta ile mishipa haina damu wakadhani inapitisha hewa. Kipande kinakupa kuanzia, jibu unalithibitisha kwenye kitabu.

Alafu kuna mapacha. Haya hayana kanuni, unayaandika ukutani unayaona kila siku. Ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba, ilium ni mfupa wa nyonga. Dysphagia kumeza kwa shida, dysphasia shida ya kuongea, na mgonjwa wa kiharusi anaweza kuwa nazo zote mbili kwaiyo hapo huwezi kubahatisha. Ureter inashusha mkojo kutoka figo kwenda kibofu, urethra inautoa nje. Perineal na peroneal, moja ni eneo la huku chini katikati ya mapaja, nyingine ni ya mguu pembeni kule chini ya goti, na mimi ninaekaa na mafaili naziona zikibadilishana nafasi mpaka leo.

Kingine ni tahajia. Vitabu vyenu vya maktaba vingi ni vya Kiingereza cha Uingereza na video mnazoangalia ni za Wamarekani. Oedema na edema ni kitu kimoja, haem na hem kitu kimoja, oesophagus utaikuta kwenye O au kwenye E kutegemea kitabu kimetoka wapi. Wapo wanaozinakili kama maneno mawili tofauti, wanajiongezea mzigo bure.

otieno_casualty

Salamu kutoka Kisumu. Nyinyi mnaongea kuhusu maneno marefu lakini mtu akifika wodi kitu kitamsumbua ni vifupisho, na hivyo havimo kwa kitabu. Unafungua faili unapata C/O (analalamika nini), Hx (historia yake), NAD (hakuna kasoro iliyoonekana), RTA (ajali ya barabarani), TCA wiki mbili, na hakuna mtu ako na muda wa kukuelezea. TCA ni mgonjwa arudi tu, lakini nimeona mwanafunzi akiitafuta kwa kitabu cha dawa.

Mfano mzuri ni BID. Kwa dawa, hasa ukisoma vitabu vya Wamarekani, ni mara mbili kwa siku. Kwa casualty yetu, yaani chumba cha dharura, BID (brought in dead) ni mtu ameletwa akiwa ameshaaga. Sasa wewe soma faili haraka haraka. Huku wengi tunaandika BD kwa dawa, na TDS ni mara tatu, QID mara nne, PRN ikihitajika, stat ni sasa hivi, yaani saa hii si ukimaliza chai. Zote ni Kilatini kilichokatwa, bis die, ter die sumendum, kwaiyo ukijua bis ni mbili na ter ni tatu umemaliza.

OD ndio mbaya. Kwa dawa za kumeza ni mara moja kwa siku, kwa kliniki ya macho ni jicho la kulia, na usiku wa Jumamosi kwa casualty ni mtu amekunywa dawa kupita kiasi.

Kuna vifupisho ambavyo ningekushauri usivianze kabisa. U ya yuniti kwa insulini ni moja. Andika 10U kwa mkono wa haraka na mtu atasoma 100. Andika neno lote. Pia usiweke sufuri nyuma, 1.0 ile nukta ikipotea ni 10, lakini sufuri ya mbele weka kila mara, 0.5 sio .5. Kule Marekani shirika la Joint Commission, ile inakagua hospitali, ilitoa orodha ya vifupisho vya kupigwa marufuku mwaka wa 2004 na hizi ziko ndani. Haijalishi uko nchi gani, wino ni ule ule.

kijana_wa_NTA4

Aisee sikutegemea, asanteni sana. Nimeshapakua hiyo Anki na nimeanza na mikia. Nesi ile ya bibi na presha imeingia haitoki tena.

Sasa swali langu la pili bado, huyu jamaa yangu wa chumbani. Semesta ijayo tunaanza kupelekwa wodini. Je ni kweli haya maneno yatabaki kwenye faili na mtihani tu?

tabibu_wa_Newala

Mdogo wangu rafiki yako yuko sahihi nusu. Mgonjwa hatakwambia dyspnoea. Atakwambia "pumzi inakata" au "kifua kimebana" au "nikipanda hapo kilimani nakaa chini", na kazi yako ni kujua kwamba hayo matatu yanaweza kuwa kitu kimoja au vitu vitatu tofauti. Ukishamaliza kuandika, mwenzako wa hospitali ya rufaa anaesoma barua yako hataki hadithi ya kilima, anataka neno moja linaloeleweka. Kwaiyo unahitaji pande zote mbili na upande wa Kiswahili hakuna anaekufundisha, wanadhani unaujua kwasababu umezaliwa nao.

Huujui. Nakupa mtihani. Mama anakuja ameshika hapa katikati, chini ya kifua juu ya kitovu, anasema "chembe cha moyo kinaniuma". Mwanafunzi anaandika maumivu ya moyo anaagiza ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Huyo mama anakuonyesha epigastrium, pengine ni vidonda vya tumbo. Nakubali kuna siku moyo wenyewe unauma hapo hapo, hasa kwa mtu mzima mwenye kisukari, kwaiyo usimfukuze na dawa ya tumbo bila kumchunguza, ila neno alilotumia sio moyo. Mwingine anasema ana kichomi, huyo anachomwa ubavuni akivuta pumzi. Mwingine ana ngiri, kwako wewe ni hernia, kwake inaweza kuwa chochote kuanzia kiunoni kushuka mpaka nguvu za kiume na hatakwambia ni kipi mpaka umuulize mkiwa wawili. Busha, matende, mshipa, chango, degedege, bawasiri, kimeo, haya yote tengenezea kadi kama unavyotengeneza hizo za Kigiriki, mbele maneno ya mgonjwa nyuma jina la kwenye faili. Na ukihamia mkoa mwingine utayaongeza mana kila sehemu wana yao.

Na safari ya kurudi ipo pia. Umeandika TDS, kwa mgonjwa unasema kidonge kimoja kutwa mara tatu, na hapo hapo muulize atakunywa saa ngapi na saa ngapi, mana wapo wanaokunywa asubuhi mchana na jioni yote ndani ya saa za jua alafu usiku mzima hakuna dawa mwilini. Kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za kituo, utakijaza kwa Kiswahili, rufaa utaiandika kwa Kiingereza, fomu ya bima itataka msimbo wa ICD, ile orodha ya kimataifa ya magonjwa, ambapo presha ya kupanda inakuwa I10. Mgonjwa mmoja, lugha tatu, na foleni iko mlangoni.

Alafu acheni kuogopa kwamba haya majina yote ni ya Wagiriki. Kuna moja liko kwenye vitabu vya dunia nzima limetoka hapa hapa ninapokaa. Chikungunya. Mwaka 1952 huku uwanda wa Makonde ulilipuka ugonjwa, homa kali na viungo vinauma mpaka mtu anatembea amejikunja, na wenyeji wakauita kwa Kimakonde kwa vile ulivyowakunja watu. Madaktari wa kikoloni waliokuja kuuchunguza wakaandika jina lile lile. Leo mwanafunzi wa Brazili anakariri Kimakonde bila kujua. Waganda nao wana o'nyong'nyong, la Kiacholi, 1959, viungo vile vile. Na malaria unayoiandika kila siku ni Kiitaliano cha hewa mbaya, enzi wakidhani inatoka kwenye harufu ya madimbwi, mbu hawajamshuku bado. Ukijua jina lilikotoka linakaa kichwani lenyewe, angalau kwangu mimi, wengine wanaona ni kupoteza muda.

mama_Zawadi_Ohio

Nimewapita kimya muda mrefu leo nichangie. Mimi niko huku Marekani, nilianza na CNA (msaidizi wa nesi) ambayo sheria ya serikali kuu inataka mafunzo yasiyopungua masaa 75 na majimbo mengine yanazidisha, baadae nikaingia kwenye ukalimani wa hospitali. Huko nako wakalimani wanaotaka cheti wanadaiwa masaa 40 ya mafunzo, na sehemu kubwa ni haya haya mnayoongelea.

Kijana sikia, wale wanaokariri kwa ajili ya mtihani huku wanakwama siku ya kwanza, kwasababu daktari anaongea mfululizo na mgonjwa anakuangalia wewe. Na Kiswahili chenyewe sio kimoja. Wagonjwa wangu wengi ni ndugu zetu wa Kongo, mtu anakwambia ana palu, ni malaria. Anakwambia ana tansyo, ni presha, imetoka kwenye Kifaransa. Ukimwambia "shinikizo la damu" kama tulivyofundishwa kwenye taarifa ya habari anaitika tu kwa heshima. Mimi nina daftari lina safu tatu, Kiingereza, Kiswahili cha nyumbani, na Kiswahili cha Kongo, na safu ya tatu ndo imenilisha.

Alafu ukiwa hujaelewa neno la mgonjwa usione aibu, mwambie akuonyeshe kwa kidole ni wapi na inafanyaje. Kidole hakina lahaja.

kijana_wa_NTA4

Shikamoo mama Zawadi, na tabibu wa Newala nimekuelewa sana, nimeanza ukurasa wa chembe cha moyo tayari. Jamaa yangu nimemsomesha huu uzi kasema sawa ila bado anakariri.

La mwisho kabla sijawachosha, matamshi mnafanyaje? Naogopa kusoma kwa sauti darasani.

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Mama Zawadi marahaba yako iko njiani naona. Kijana, matamshi yana vijisheria vichache. P ya mwanzo ikifuatwa na n au s haitamkwi, ndo mana pneumonia Kiswahili kikaandika nimonia, tumewazidi akili hapo. Ch nyingi ni k, kwaiyo chole ni kole. Mengine sikiliza mara moja mtandaoni na urudie kwa sauti ukiwa unafua. Mwalimu wako nae siku ya kwanza alikwama, muulize.

Haya nivunjie cholecystectomy bila kufungua daftari.

kijana_wa_NTA4

Chole nyongo. Cyst kifuko. Ectomy kuondoa. Kuondoa kifuko cha nyongo?

Nesi_Zamu_ya_Usiku

Ndio hiyo. Oophorectomy?

kijana_wa_NTA4

Hiyo ina o mbili mwanzoni dada, naomba mpaka kesho.

Mzee_wa_Benchi

Ina -ectomy mwishoni, kwaiyo kuna kitu kimetolewa. Nusu maksi.